Vidonge Ulivyogawana na Mama Odette

Yaya,

Siku tuliyokuzika, nguo zetu zilinuka mpira ulioungua. Mwanao Dieumerci alisimama kando ya kaburi mikono imefungwa kwa kitambaa chako cha kichwa, wanaume wawili wamemshika mabega asijirushe ndani. Mimi nilikuwa na kipande cha kitambaa cha kikwembe kimekazwa juu ya jicho, damu inapenya. Na mwuguzi Tshibangu, yule uliyekuwa ukimwekea kiti kivulini kila alipokuja kukuona, alikuwa amelazwa hospitalini na taya lililovunjika. Alikuwa hai, ila si kwa wema wa wale waliokuwa wakiimba nyimbo za mbinguni uani kwako.

Sitaanza kwa upole. Wewe dada yangu mkubwa umenijua tangu nikiwa mgongoni mwako, na hata wakati huo nilikuwa nikiuma. Unajua kazi yangu: kusema redioni, kugombana na mapasta, na wenye machimbo, na wakubwa wa mji. Ulikuwa ukinisikiliza huku ukichambua majani ya sombe, unatikisa kichwa, unasema: "Huyu mudogo yangu, mudomo yake itatuzikisha." Safari hii mdomo wangu ulifanya kazi mbele ya jeneza lako mwenyewe. Nilitoa nje jambo ulilotaka kuondoka nalo. Ninakuandikia nikueleze kwa nini. Msamaha sikuombi.

Ile saratani yako, Yaya, ilikuwa mnyama. Watu wa kanisani kwako waliiita "mtihani". Mtihani gani unaomtoboa mtu ziwa? Ulikuwa unalifunga kwa pamba na kitambaa, unakwenda sokoni kuuza samaki wakavu, na wateja wakidhani harufu ni ya samaki. Mimi mwenyewe nilikaa karibu nawe na nikadhani hivyo. Siku nilipokufungua kwa nguvu, unanipiga ngumi za mgongo, unanitukana hadi mama yetu aliye kaburini, niliona shimo ambalo hakuna mtu anayeishi angepaswa kuwa nalo. Nikakupakia kwenye gari la kwanza la Lubumbashi kama mfungwa.

Kule ndiko tulikosikia neno la utafiti. Daktari, kijana msafi, akafungua makaratasi na kuyasoma kwa Kifaransa, haraka, kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Ulikuwa ukiitikia kila anapopumua. Kila neno "oui, docteur", "oui, docteur". Nilipiga mkono mezani. Nikamwambia huyu mwanamke amekubali mambo ambayo hajayasikia, na kama anataka sahihi yake, basi amlete mtu wa kumweleza kwa lugha anayootea ndoto. Akanitazama kana kwamba nimetema mate sakafuni. Lakini alimwita Tshibangu, na hapo, lazima niseme haki, mambo yalibadilika. Tshibangu alikuwa mwuguzi wa utafiti huo kwa wagonjwa wa upande wa Likasi. Akasema asitie mtu sahihi leo. Atakuja nyumbani kwako Likasi, mtaa wa Panda, atakaa, ataulizwa.

Akaja. Unakumbuka? Alikataa soda kwanza, ukamwambia kwamba mtu asiyekunywa kwako hawezi kukuwekea sindano, akacheka akanywa. Halafu akaonyesha shamba lako dogo la mahindi nyuma ya choo. Akasema: tuseme una mbolea uliyoizoea, inakupa mahindi, si mengi, lakini inakupa. Anakuja mtu na unga mpya, anasema ukiongeza huu juu ya mbolea yako utavuna zaidi. Utamwamini? Ulisema hapana, watu wa kuuza mbolea ni waongo wote. Akasema vizuri. Basi unagawa shamba. Mistari yote inapata mbolea yako ya zamani, hakuna mstari unaoachwa na njaa. Lakini mistari mingine unaiongezea unga mpya, na mingine unaiongezea unga unaofanana nao kwa macho, usio na kitu ndani. Na ili usipendelee mstari ulio karibu na mlango wako, unaacha kura ichague.

Ndivyo ilivyokuwa kwenu. Wagonjwa wote walipata dripu ileile ya kawaida kule Lubumbashi, dawa ambayo hospitali zinaijua. Juu yake, kila mmoja alipewa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Vya wengine vilikuwa na dawa mpya. Vya wengine havikuwa na kitu. Mashine ndiyo iliyopiga kura. Wewe hukujua, Tshibangu hakujua, yule daktari msafi wa kusoma Kifaransa hakujua.

Nilimrukia. Nilimuuliza maswali yangu yote ya redioni: kwa nini hapa, kwa nini sisi, dawa ikifaulu itauzwa wapi na kwa nani, na mtu akidhurika nani anamtibu. Hakunifokea. Mengine alijibu: wako wagonjwa wa nchi nyingine katika utafiti huohuo, kuna kamati ya watu wasio wa kampuni ya dawa, inapitia kila kitu na inaweza kuusimamisha, anayedhurika na dawa anatibiwa bila kulipa. Lingine alisema hajui, hilo la dawa itauzwa wapi, na akasema niendelee kuliuliza kwa sauti kubwa kwa sababu yeye ameliuliza kwa sauti ndogo na hakuna aliyemjibu. Wewe uliuliza mawili tu. Uliuliza kama ukitaka kutoka utafungiwa mlango. Akasema unatoka siku yoyote, bila kutoa sababu, na dripu yako ya kawaida inaendelea. Ukauliza kama kidonge kitakuponya.

"Sijui, Mama," alisema. "Tungekuwa tunajua, tusingejaribu."

Alipoondoka uliniambia: "Muntu mwenye kusema sijui, minye namuamini. Pasta yangu hajasemaka sijui hata siku moja." Ukatia sahihi wiki iliyofuata, kwa mkono wako, ukijua unachokifanya. Hilo ninawatupia usoni wote wanaosema ulidanganywa. Dada yangu hakudanganywa. Alielewa kuliko nusu ya waliokuja kumlilia.

Jambo moja tu hukulielewa. Au ulilielewa ukalikanyaga. Nimelala na swali hilo na kuamka nalo.

Mama Odette alikwenda Lubumbashi na uvimbe wake baada yako, kwa sababu ulimtuma. Jirani yako, dada yako wa maombi, mwenzako wa kufunga na kufungua. Walimpima wakamkatalia utafiti. Ini lake lilikuwa limeumia. Tshibangu alikuja kueleza: dawa mpya inapita kwenye ini, na ini likiwa gonjwa inaweza kumwua kabla ya saratani. Wakampangia matibabu mengine, polepole. Lakini ninyi kinamama wa kikundi cha maombi mlisikia neno moja: amekataliwa. Na nyinyi mna sheria yenu, inayonitia wazimu na inayonitoa machozi, kwamba hakuna anayekula peke yake. Chumvi mnagawana. Mkaa mnagawana. Mmoja akipata kitenge kipya mnakikata. Mliweka kichupa cha dawa juu ya meza, mkawekea mikono, mkaomba, na baada ya maombi ukafanya ulichokuwa ukifanya maisha yako yote. Cha asubuhi chako. Cha jioni chake.

Hukuniambia. Mimi niliyekusafisha kidonda, niliyekushika kichwa ukitapika, hukuniambia.

Niliyajua asubuhi ya mazishi. Tulikuwa chumbani na mwili wako, mimi na Mama Odette, tunakuvisha. Wengine walikuwa uani na vyungu. Nilikuwa nakufunga vifungo, naye akashika mguu wako akawa hauachii. Nikamwona macho. Yalikuwa ya manjano, Yaya, manjano ya kiini cha yai. Nikamuuliza tangu lini. Akasema chini chini:

"Mama, ile dawa, minye nilikuwa nakunywa nayo. Ya mangaribi yote, alinipa. Usiseme. Bataniua."

Nilimshika koo. Ndiyo, nilimshika. Mbele ya maiti yako, mikono yangu ikiwa bado na mafuta yako, nilimkaba mwanamke mgonjwa mpaka ukuta ukapokea kisogo chake. Hakujitetea. Nilimwachia kwa sababu kelele zilianza nje, na kelele hizo nazijua.

Dieumerci alikuwa amerudi na wenzake wa machimboni, wamekesha na pombe kali ya lutuku, macho mekundu, mitalimbo bado mkononi. Tangu ulipofariki alikuwa akisema neno moja: wamemjaribia Mama kama panya. Na watu walimjaza. Mmoja alisema ulitolewa damu nyingi ikauzwa. Mwingine alisema dawa hizo wanapewa wale tu ambao wazungu wanataka wafe kwanza. Pasta wako alisimama kwenye kilio chako, akatamka kwamba aliyeweka tumaini kwenye vidonge ameliweka kwenye udongo, kisha akaketi akala ugali wa bukari. Hakurusha jiwe. Watu wa aina hiyo hawarushi, wanaelekeza tu wapi jiwe liende.

Na hapo hapo Tshibangu akaingia uani na pikipiki yake. Alikuja kukuaga, kavaa shati jeupe. Sijui mtu anakuwa na moyo gani, kuingia kilioni mwa mtu anayesemekana amemwua. Labda ule wa mtu ambaye hajaua.

Walimtoa juu ya pikipiki kwa shati hilo. Nilitoka mlangoni nikaona mguu wa mtu ukishuka juu ya mgongo wake, ukapanda, ukashuka tena. Nikasikia taya. Mtu aliyekuwa amekaa kimya na kikombe cha chai mkononi, baba mwenye heshima, jirani yetu, alisimama na kusema jina la Tshibangu polepole, kisha akasema: jina la Kasai hilo. Yaya, tulikuwa wasichana tulipoona familia za watu wa asili ya Kasai zimefukuzwa makwao na kurundikwa stesheni hapa Likasi, zimelala juu ya masanduku yao, watoto wanakufa kwa kuhara, na watu wetu wanapita wakitema mate. Tshibangu amezaliwa hapa. Baba yake amezikwa hapa. Lakini mtu aliponusa damu kidogo, alikumbuka jina. Nikajua sasa hatutakuwa na jeneza moja tu. Mtu alikuwa tayari anamwaga petroli ya pikipiki juu ya pikipiki, na wakaiwasha, na mwingine akaburuta tairi, na tairi haliburutwi kwa ajili ya pikipiki.

Nilimlalia Tshibangu. Si ushujaa, ndiyo njia ya haraka niliyoiona. Jiwe lililokuwa lake likanipasua nyusi. Nikasimama na damu machoni nikafanya kazi yangu. Nilipiga kelele ambayo redio isingeibeba. Nikawaambia: hamjui ni dawa gani alikunywa, hata mimi sijui, hata huyu mnayemwua hajui. Nikawaambia wote walipata dripu ya kawaida, hakuna aliyenyimwa. Nikaeleza kura, nikaeleza vidonge vitupu, mbele ya moto, kama mwendawazimu anayefundisha hesabu kwenye vita. Walicheka. Mmoja alinipiga kibao. Dieumerci akaja mbele yangu, mwanao, mtoto niliyemtahirisha kwa gharama yangu, akainua mtalimbo na kusema: "Mama mudogo, toka. Huyu muntu alimupatia Mama sumu, kila siku, asubuhi na mangaribi."

Asubuhi na mangaribi. Hapo ndipo nilipolisema.

"Ya mangaribi hakuikunywa," nilimwambia. "Alikuwa anaigawa."

Nilikuwa nimekuvua nguo mbele ya mji. Mwanamke aliyelala ndani ya jeneza, mwenye sifa ya kutomdanganya mtu hata kwa samaki mmoja, alikuwa amewadanganya madaktari wake, nami ndugu yake ndiye niliyetangaza. Wakauliza: amempa nani? Nikakataa. Wakauliza tena, na sasa mikono ilikuwa juu yangu, mtu alikuwa amenishika nywele kwa nyuma. Niliona wazi kabisa: nikitaja, tairi linabadilisha shingo. Nisipotaja, linarudi kwa Tshibangu, pengine na kwangu. Nilikuwa na hasira na Odette kiasi cha kumwua mwenyewe, lakini sikuwa tayari wamwue wao. Nikafunga mdomo. Mimi. Mara ya kwanza maishani, ungecheka.

Ndipo Mama Odette alipotoka chumbani mwako. Alikuja taratibu mpaka katikati ya uwanja, kwenye moshi, akavua kitambaa kichwani, na hana nywele, akasimama.

"Ni minye," alisema.

Dieumerci akamgeukia na mtalimbo. Sikuweza kumzuia, walikuwa wamenishika. Mama Odette hakukimbia wala hakujikinga. Alimtazama tu, na akamwambia kwa sauti ya uchovu, kama mtu anayemkumbusha mtoto kitu kidogo alichosahau:

"Na ni weye uliniletea, Papa. Kila mangaribi. Kwa kakaratasi."

Ulikuwa ukimtuma, Yaya. Akirudi kutoka kwenye mashimo, kabla hajanawa, unampa kikaratasi kilichokunjwa: pelekea Mama Odette dawa ya kichwa. Mtu mzima, misuli ya chuma, mtiifu kwako kama siku uliyomzaa. Akapeleka. Kila jioni alitoka nyumba yako hadi ya jirani na dawa ya mama yake kiganjani, akaikabidhi, akasalimu, akarudi kula.

Nilimwona anakumbuka. Sijui kueleza uso ule na sitajaribu. Mtalimbo ukaanguka. Akaenda kwenye ukuta wa nyumba yako, ule wa matofali usiopakwa, akaanza kuupiga kwa ngumi, kisha kwa kichwa, bila kulia, kwa mpangilio, kama anachimba. Wenzake waliokuja kuua wakakimbilia kumshika, na walipomwacha Tshibangu kumshika yeye, wanawake wawili wa kikundi chako cha maombi wakamvuta mwuguzi hadi jikoni na kumlaza chini ya mifuko ya mkaa. Hivyo ndivyo alivyopona. Maneno yangu yalinunua muda, huruma sikuiona popote. Andika hilo huko uliko.

Tukakuzika. Pasta aliongoza maombi mafupi.

Sasa nikueleze kilichofuata, maana hukupenda habari za nusu. Nilikwenda Lubumbashi. Tshibangu, mdomo umefungwa kwa waya, aliniandikia kwenye simu yake kwamba lazima waelezwe, kwa ajili ya wagonjwa wengine. Fikiria. Anakunywa uji kwa mrija na anawaza wagonjwa wengine. Nikaenda nikaketi mbele ya yule daktari kijana msafi, nikasema yote. Nilitegemea akasirike, aseme umeharibu utafiti wao. Nilikuwa nimejiandaa kumng'oa meno. Badala yake aliniambia kwa Kiswahili, ndiyo, anakijua kumbe, kwamba itaandikwa ulivyofanya, lakini hutaondolewa. Utahesabiwa palepale kura ilipokuweka. Kwa sababu dawa ikitoka kesho kwenda kwa watu wa kweli, watu wa kweli watasahau, watachoka, watagawana. Utafiti unaowahesabu watiifu peke yao, alisema, unasema uongo. Basi umo, Yaya. Na upendo wako wa kijinga umo, unahesabiwa.

Nilimuuliza kama kidonge cha jioni ndicho kingekuokoa. Akasema ugonjwa wako ulikuwa umekwenda mbali kabla hujafika, na kwamba hajui. Nikamuuliza vilikuwa na nini ndani. Akasema kura yako hawaifungui peke yake; siku utafiti utakapofungwa, kura zote zitafunguliwa pamoja, na familia ina haki ya kuuliza. Ini la Mama Odette linaweza kuwa limeungua kwa dawa. Linaweza pia kuwa limefuata ugonjwa wake lenyewe. Inawezekana uligawana naye sumu yake. Inawezekana uligawana naye dawa yako. Na inawezekana, Yaya, kwamba mliweka mikono, mkaomba na kulia, mkadanganya hospitali nzima, na Tshibangu akavunjwa taya, kwa ajili ya unga mtupu. Nikifikiria hilo la mwisho natamani kuvunja vyombo. Nimevunja kadhaa. Ile sahani yako ya maua haipo tena.

Nililisema redioni, kwa jina lako. Sikusema "mwanamke mmoja". Nilisema dada yangu. Nikasema atakayeingia katika utafiti aulize kila kitu, kwa lugha yake, hata kama daktari ana haraka. Aulize anachopewa, anachoweza kupoteza, jinsi ya kutoka. Na akishaingia, kidonge chake ni chake, si mkate wa ushirika. Kama ana huruma na mwenzake, amshike mkono ampeleke kupimwa, asimpe dawa iliyopimwa kwa mwili mwingine. Wakanipigia simu wakinitukana kwamba nimemwaibisha marehemu. Usiku huohuo mawe yakalia juu ya bati langu. Nilitoka nje kwa kanga nikawaita kwa majina ya mama zao mmoja mmoja, na hakuna aliyejibu.

Dieumerci hajarudi machimboni. Mikono yake imepona vibaya, vidole viwili havikunjiki. Alikwenda kwa Tshibangu akakaa nje ya lango lake kutwa nzima, juani, bila kugonga. Mke wa Tshibangu akamtolea maji. Hakumkaribisha ndani, na hakuwa na sababu ya kumkaribisha. Akarudi kesho yake. Siwezi kukuambia itaishia wapi. Polisi walikuja, wakachukua majina, na jina lake mimi ndiye niliyelitaja. Najua ungefanya nini. Mimi si wewe.

Na Mama Odette. Huyo ndiye nimekuja kukuambia habari zake, mengine yote nilikuwa nazunguka. Utafiti hauwezi kumchukua tena kamwe, hata ini likipoa, kwa sababu alikunywa. Wanamtibu ini kwanza, kisha dawa ya kawaida, ile ya dripu. Anasafiri kwenda Lubumbashi na hana wa kusafiri naye, maana kikundi cha maombi kimemkimbia. Wale wa kugawana chumvi. Kwa hiyo nasafiri naye mimi. Tunakaa kiti kimoja, hatusemezani mpaka tupite Kakontwe, nikitazama vumbi la machimbo ya chokaa ili nisimtazame yeye. Baada ya hapo naanza kumtukana, naye anaitikia "eeh, Mama", "eeh, Mama", na mara ya mwisho alisinzia katikati ya tusi, kichwa chake kikaanguka begani kwangu, kizito, cha moto, bila unywele hata mmoja. Sikukiondoa. Nilikuwa na hasira sana, na sikukiondoa.

Basi lala, Yaya. Ninayokuahidi ni haya. Siku watakapozifungua zile kura nitakwenda kuuliza, na jibu lolote nitaliweka kifuani kwangu kwanza kabla sijampa Dieumerci, maana kuna majibu yanayoua na mimi nitajua hilo ni lipi. Lakini ahadi kubwa ni ya Odette. Simpendi. Huenda nisimpende kamwe. Ila amepangiwa vidonge sasa, vyake mwenyewe, vya ini, na kila jioni jua likishuka ninapita kwake, nakaa mlangoni na mdomo wangu mbaya, na siondoki mpaka nimwone amemeza.

Mudogo yako.